Naomba ushauri: mtoto kubanwa koo akishatolewa mpira wa kupumulia

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni nesi wa usingizi, hospitali ya wilaya. Watoto wa upasuaji wa tonsi (tezi za kooni) wananitoa jasho: nikichomoa tu mpira, koo linafunga, kifua kinaingia ndani, tumbo linapanda, sauti hakuna. Huwa nafyonza damu na mate, nasukuma taya mbele, nabana barakoa kwa oksijeni asilimia 100 huku nikiminya mfuko taratibu. Wengi hufunguka. Akigoma, propofoli (dawa ya usingizi) kidogo, kisha saksametoniamu (ya kulegeza misuli), atropini (ya kupandisha mapigo ya moyo) ikiwa tayari maana mapigo hushuka haraka.

Je, mnachomoa akiwa usingizini kabisa au akishafumbua macho? Katikati ni balaa, hilo halina ubishi. Na anayevuta pumzi kwa mluzi baadaye, licha ya deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe), adrenalini ya mvuke mnampa kiasi gani?