Mrejesho: Giaboksi ya Hilux imeshuka

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama naweza kushusha giaboksi ya manyuo ya Hilux yangu ya zamani hapa nyumbani Moshi. Klachi, inayokaa kati ya injini na giaboksi, ilikuwa inateleza kila nikipanda Kibosho: injini inanguruma, gari haliendi.

Imeshuka. Kufungua betri, propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumuni) na stata hakukunisumbua. Shughuli ilikuwa boliti mbili za juu zinazoshika giaboksi na injini. Mkono haufiki, spana haizunguki. Aliyenishauri nitoe krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi), nishushe mkia wa giaboksi taratibu, kisha nipitishe ekstensheni ndefu kutokea nyuma, Mungu ambariki. Zililia kwii, zikaachia. Nilisahau kung'oa leva ya gia kwanza, nikabaki chini navuta kitu kisichovutika huku mama watoto akicheka dirishani.

Klachi pleti imeisha hadi misumari yake ya ribiti imechora flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti huligandamiza. Flaiwili imepelekwa kukerezwa, na beringi nanunua mpya, siwezi kurudia kazi hii kwa ubahili. Pleti nitaisentishia (nitaiweka katikati kabisa) kwa mpini wa fagio uliozungushwa solotepu.

Ila jamani, msiingie chini kwa jeki peke yake. Mimi niliweka stendi nne na magogo.