Kujibu: Presha ya macho na leseni ya gari

> Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimepimwa hapa Leicester, nimeambiwa nina presha ya macho (glakoma), yote mawili. Kazi yangu udereva. Nikiwaambia DVLA, wale wa leseni za udereva, si watanipokonya leseni? Watoto watakula nini?
> Mdogo wenu

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nakuandikia nikiwa Wete, Pemba, nimekuja kumtazama mzee.

Waambie. Sheria ya Uingereza inakutaka useme maradhi haya yakiwa macho yote mawili, na ukinyamaza faini hufika pauni 1,000. Mimi niliwaambia, na leseni ninayo hadi leo. Walinipeleka kupimwa kwa gharama zao: unakaza macho katikati ya mashine, unabonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Kwa leseni ya gari la kawaida wanataka uone upana usiopungua digrii 120.

Kusoma namba ya gari kwa mita 20, kama sheria inavyotaka, sote twaweza, na hapo ndipo tunapojidanganya. Presha ya macho kwa kawaida huanza kula pembeni. Namba iliyo mbele yako utaisoma sawasawa, na mtoto anayechomoka ubavuni humuoni.

Mzee wangu alianza hivyo hivyo. Karafuu akizichambua makonyo kutushinda sisi vijana, lakini kila akiinuka anajikwaa kwenye ukingo wa jamvi. Tukasema uzee. Hakuumwa na jicho hata siku moja, ndiyo maana hakuna aliyeshituka. Tulipomfikisha hospitali jicho moja lilikuwa limeshakwenda, na nuru iliyopotea kwa maradhi haya hairudi. Leo alfajiri nimemshika mkono kwenda msikitini. Ananijua kwa sauti.

Kwa hivyo nakuomba sana, waambie ndugu zako wa tumbo moja, wa huko na wa Unguja. Maradhi haya hufuata damu, na sisi watu weusi hutupata zaidi. Huko England, mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepatikana nayo, akishatimiza miaka 40, NHS, huduma ya afya ya serikali, humpima macho bure. Wewe mwenyewe umeshapata haki hiyo. Na matone uliyopewa usiyaruke, hata ukijiona mzima.

Yakizidi, Mungu apishe mbali, bingwa wa macho hukuandikia cheti na halmashauri ikakusajili. Watu wetu wengi wanakikimbia kwa aibu, nami naona wanajidhulumu. Aliyesajiliwa hupata kadi ya basi bure, na aliyepungukiwa sana hulipa nusu ya leseni ya televisheni na hupunguziwa kodi. Kuendesha gari hapo ndiyo mwisho, lakini hukai ndani. Huku nyumbani nimeanza kumuulizia mzee kwa watu wa ZANAB, jumuiya ya wasioona, apate fimbo nyeupe na wenzake wa kuzungumza nao.

Fomu ya DVLA usiijaze peke yako. Narudi Jumapili, inshallah, nipigie tuijaze pamoja.

Kaka yako