Masaki na Mbezi Beach: nani hasa katufungia bahari?

Mtoa mada:

Wakuu, habari za jioni. Nimekulia Oysterbay, pua na mdomo na Masaki, na kabla hamjaanza kuniita mtoto wa geti kali, nimekulia chumba cha uani. Baba alikuwa dereva wa wizara. Bosi wake alipewa nyumba ya serikali, sisi tukapewa kibanda cha nyuma, karibu na tangi la maji. Sasa hivi nimepanga Mbezi Beach, mwaka wa sita huu. Kwa hiyo pande zote mbili nazijua, moja kwa mlango wa nyuma, nyingine kwa kodi ya miezi sita sita.

Watu wakizitaja wanazitia kapu moja: ushuani. Mimi naona ni watu tofauti kabisa, na nasema hivi: Uzunguni wa mkoloni ulituachia bahari, sisi wenyewe ndio tuliojizibia.

Waingereza walipoigawa Dar walikuwa wabaguzi bila aibu. Wao Oysterbay, Wahindi mjini kati, Waafrika Kariakoo. Lakini barabara waliipitisha ufukweni. Nenda Toure Drive leo: nyumba upande huu, bahari upande ule, na katikati anapita yeyote. Ndiyo maana kuna Coco Beach, ambayo nayo ilinusurika baada ya mgogoro mrefu na mwekezaji. Jumapili saa kumi jioni mtu wa Manzese anakaa juu ya jiwe na muhogo wake wa kukaanga, pilipili inamtoa jasho, na nyuma yake kuna nyumba ya balozi. Hakuna anayemuuliza ametokea wapi. Na tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwanzoni mwa 2022, kutoka mjini ni dakika chache tu.

Mbezi Beach viwanja vimeshuka mpaka mchangani. Mwezi uliopita niliwachukua wanangu wawili, tukasema leo twende baharini kwa miguu. Mawimbi tunayasikia. Tumezunguka kuta kama dakika arobaini, hatujaona hata povu. Mwisho tukaingia kwenye hoteli moja, tukalipa elfu kumi kila kichwa, mdogo akasamehewa. Naishi "Beach", nalipia kuona maji.

Sasa naomba tujadili: njia za kwenda ufukweni zilizozibwa zifunguliwe kwa lazima, hata kama ni kubomoa kuta za watu? Na msinijibu kwamba Mbezi Beach kuna ujirani mwema. Najua. Nilipofiwa na mama, turubai na viti vilifika kabla sijajua naanzia wapi, na mjumbe alikaa getini kwangu siku tatu. Masaki unaweza kufa Jumatatu wakajua Ijumaa. Ila ujirani huo ni wa walio ndani ya kuta. Mpita njia je?

Mchangiaji wa 1:

Kwanza tuelewane, mkuu. Upo Mbezi Beach ya chini au ile ya juu ya barabara ya Bagamoyo? Maana kuna watu wanakaa Mbezi ya Kimara, mbali na bahari, ukiwauliza wanasema "nipo Mbezi" halafu wananyamaza.

Mchangiaji wa 2, Msasani Kijijini:

Mtoa mada umeandika vizuri, lakini umeiangalia Masaki kwa jicho la upande mmoja. Rasi ya Msasani, iliyobeba Masaki na Oysterbay, ina pande mbili, kaka. Upande wa Coco uko wazi, sawa. Geukia upande wa ghuba, huku kwetu. Kutoka diko letu la wavuvi kwenda mbele ni ukuta, klabu ya wanachama, ukuta, hoteli, ukuta. Ukitaka boti ya kisiwa cha Bongoyo unapitia Slipway, katikati ya maduka.

Babu yangu alikuwa anaegesha ngalawa mahali ambapo leo kuna bwawa la kuogelea. Bwawa, na bahari iko pale pale! Sisi tumebaki na kipande cha diko, asubuhi mnada wa samaki, kina mama wanakaanga, boti zimebanana kama daladala za Mwenge. Harufu ikipanda, wa ghorofani wanalalamika. Kijiji kilikuwepo kabla ya Oysterbay kuitwa Oysterbay, lakini ukisoma matangazo ya nyumba za kupanga utadhani sisi ndio tulihamia jana. "Peninsula" wanaandika. Neno Msasani linawachoma.

Halafu Bonde la Mpunga, hapo hapo mgongoni mwa hao matajiri. Jina lenyewe linakwambia lilikuwa bonde la nini. Mvua za masika zikija, maji yanaingia vyumbani mwa watu, kuta za magorofa zimesimama tu. Kwa hiyo usiseme mkoloni alituachia bahari. Alituachia upande aliokuwa anautazama yeye kutoka barazani kwake.

Mchangiaji wa 3, mstaafu:

Kijana wangu, mimi ni mmoja wa hao wenye kuta Mbezi Beach. Kiwanja nilikipata mwaka 1986, nikiwa mtumishi wa kawaida. Hapakuwa na mtu anayekitaka. Mikorosho, nyoka, na barabara ya kupita ng'ombe. Nguzo za umeme tulichangishana, maji ya kisima yalikuwa chumvi tupu, ya kunywa tulinunua kwa lori. Wenzangu ofisini waliniita mkulima. Nilijenga miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, mshahara kwa mshahara. Leo naitwa mnyang'anyi wa bahari.

Ukuta sikuujenga kwa kiburi. Mwanzoni nilikuwa na michongoma. Watu walipita, wakaacha chupa, wakaacha na vingine nisivyoweza kuvitaja hapa, na usiku mmoja waliondoka na pampu ya maji. Bahari nayo inakuja. Mnazi uliokuwa hatua ishirini ndani ya uzio wangu, sasa mizizi iko hewani. Nimepanga mawe. Jirani naye akapanga, maana mawe yangu yakamsukumia yeye mawimbi.

Ukinivunjia ukuta, nani atanilindia?

Mchangiaji wa 4:

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Najua utasema hati yako ni ya zamani kuliko sheria, na hapo una hoja. Lakini ghorofa ngapi zimeota mchangani baada ya 2004? Hizo nazo zilikuwa na nyoka na mikorosho?

Na kuhusu mmomonyoko, tuambizane ukweli. Mchanga wa ufukwe ule ulikuwa unaletwa na mito, Tegeta, Mbezi na vijito vyake. Tukauchota kwa malori kufyatulia matofali. Hoteli za Kunduchi zikajenga vikuta vya mawe kuingia baharini. Mzee, ufukwe wako haukupotea. Uko ukutani kwako, umechanganywa na saruji.

Mchangiaji wa 3, mstaafu:

Marahaba. Umenipiga, lakini umepiga kwa adabu.

Mchangiaji wa 5, dada wa Masaki (wa kufanya kazi):

Mnabishana nani anaishi vizuri, mimi naomba niwaambie Masaki ya saa kumi na mbili asubuhi. Natokea Rangi Tatu, magari mawili, nashuka nikiwa nimekunjamana kama nguo ya mtumba. Barabarani tunashuka sisi tu: wapishi, yaya, watunza bustani, walinzi wa zamu ya mchana. Wenye nyumba bado wamelala. Kwa muda huo mtaa mzima ni watu wa Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto.

Mnasema Masaki watu hawajuani. Hawajuani mabosi. Wangu huyu ni wa tatu ndani ya miaka saba, mkataba ukiisha wanafungasha, paka anaachwa. Sisi tunajuana. Mchana tunakutana kwa mama ntilie aliye chini ya mti wa mkungu, nje ya geti la kijani, wali maharage na mchicha. Tunacheza mchezo wa pesa, mwezi uliopita nilipokea mimi. Mlinzi wa nyumba ya tatu alipofiwa, tulichanga watu ishirini na nane, bosi wake alidhani ameacha kazi.

Baharini siendi. Naiona kupitia dirisha la jiko nikiosha vyombo. Nzuri.

Mchangiaji wa 1:

Dada umefunga mjadala.

Mchangiaji wa 4:

Haujafungwa. Anachosema dada ni kwamba hata Masaki yenyewe si ile ya mtoa mada. Nyumba zile za serikali zenye bustani na miembe ziliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikavunjwa. Palipokaa familia moja na dereva wake sasa pana ghorofa la vyumba arobaini, na kodi ilikuwa ikitajwa kwa dola mpaka kanuni za 2025 zilipopiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Sasa inatajwa kwa shilingi, hesabu wanapiga kwa dola. Chumba cha uani ulichokulia, mkuu, nadhani ni maegesho.

Mtoa mada:

Ni maegesho kweli. Nilipita Desemba. Mwembe nao haupo.

Nimesoma yote. Wa Msasani Kijijini umenibana, naondoa neno "mkoloni alituachia." Nilikuwa naipima Masaki kwa Coco ya Jumapili, kama anavyoipima mgeni. Mzee wangu, pole kwa pampu, na sitaki ukuta wako ubomolewe. Nyumba ya mtu ya miaka kumi na moja si kibanda cha kuchorwa X nyekundu asubuhi na kuvunjwa jioni.

Lakini nikisema njia sizungumzii viwanja. Nazungumzia vile vichochoro kati ya kiwanja na kiwanja. Baada ya kuanzisha mada hii, jirani mmoja wa siku nyingi alinionyesha nakala ya ramani ya upimaji ya mtaa wetu. Iko njia, imechorwa waziwazi, inatoka barabarani hadi baharini. Jumamosi nikaenda kuitafuta. Nimeipata: hatua nne upana wake, kuta mbili ndefu, majani yamefika magotini, na mbele kabisa geti la chuma. Halina jina la mtu wala namba ya nyumba. Nimewauliza walinzi wa pande zote mbili, kila mmoja kasema geti ni la yule mwingine.

Mzee, hilo nalo ni la kujikinga na wezi?

Mchangiaji wa 3, mstaafu:

Liko mtaa gani? Kama ni hilo lililo karibu na mkwaju mkubwa, ufunguo ninao mimi. Nilipewa na marehemu jirani yangu, sikumbuki hata mwaka. Njoo na watoto Jumapili, mapema, kabla jua halijawa kali. Ila kufuli lina kutu, beba mafuta.