Hizi kolabo za kubandika sauti mnaziita duet mpaka lini??

Wakuu nina hasira na naomba asitokee wa kuniambia nitulie. Kila mara tunatangaziwa kolabo ya maajabu, mara mwimbaji wa opera na rapa, mara mtu wa roki na mtu wa kantri, watu wanashobokea wiki nzima, halafu ngoma ikitoka unakuta mmoja kaimba mwanzo mwisho, mwenzake kapewa mistari minne kabla ya kiitikio cha mwisho, kapotea. Na hawajawahi hata kukaa chumba kimoja. Katumiwa biti kwa imeili, kaingiza sauti, karudisha faili, prodyuza kabandika, kamwagia otochuni (ile programu ya kunyoosha sauti) zifanane, kwisha habari.

Iliyonivuruga zaidi sitaitaja maana mashabiki wao ni wakali. Dada ana sauti ya juu kabisa, kaingizwa kwenye kii ya mshikaji (kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbwa) hivyo hivyo, anaimba huko chini mpaka inabaki pumzi tu, na hakuna aliyejisumbua kupandisha kii zamu yake ilipofika. Sasa mmemwita wa nini?! Mnamtaka kwa sauti yake halafu mnamnyima pa kuitumia, si mngesema tu mlikuwa mnataka jina lake likae kwenye kava.

Na msinijie na ile ya eti muziki tofauti hauchanganyiki. Unachanganyika vizuri tu. David Bowie, kijana wa roki, na Bing Crosby, mzee wa nyimbo za zamani, Septemba 1977, wanarekodi kipindi cha Krismasi cha TV, Bowie anasema huu wimbo wa Krismasi wa Little Drummer Boy mimi siupendi. Leo angeambiwa wee imba tu, tutarekebisha kwenye miksi. Watunzi wa kile kipindi wakakaa hapo hapo wakamtungia melodi yake, Peace on Earth, ikawa mzee anaendelea na wimbo wake taratibu huku kijana anapita juu kwa maneno mengine, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sikilizeni pale zinapokutana, kila mmoja anamwachia mwenzie nafasi. Crosby alifariki mwezi uliofuata, ile ngoma bado inapigwa.

Haya, Freddie Mercury wa Queen na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, wimbo wa Barcelona, 1987. Najua kuna mjuaji anakuja kusema hata wao walitumiana kanda. Ndiyo, ila Freddie kwenye demo alikuwa anaimba mwenyewe sehemu za yule mama kwa falseto, ile sauti nyembamba ya juu, mtu wa roki anajikakamua kuwa soprano ili ajue mwenzake atapita wapi. Wa siku hizi hata wimbo mzima hajausikia, kasikia sekunde zake ishirini tu.

Run-DMC, kundi la rap, na Aerosmith, bendi ya roki, ndo usiseme. Run na DMC mwanzoni Walk This Way hawakuitaka kabisa, lakini Steven Tyler na Joe Perry wa Aerosmith walienda studio kwa miguu yao wakaipiga upya nao, 1986 ikafika namba 4 Marekani wakati ile ya Aerosmith peke yao iliishia namba 10.

Tena nikwambieni, hata ile albamu ya Lulu ya mwanamuziki Lou Reed na bendi ya metali Metallica ya 2011, iliyotukanwa kila kona na mimi mwenyewe inanishinda kuimaliza, walau unasikia watu wamefungiwa studio moja wanagombania wimbo. Bora hiyo mbovu kuliko hizi safiii zisizo na mtu ndani.

Lebo mnazofanya huu mchezo andikeni tu "kashirikishwa", tutaelewa, neno duet liacheni. Na nyie wadau kama kuna kolabo ya karibuni ambayo kweli mnasikia watu wawili wanaimbiana, itupieni hapa niisikilize, ila ukiniletea ya mistari minne tutakosana.