Vitabu 24 kwa mwaka: nimebaki nyuma, na maoni yangu yote yanafanana

kijana_wa_tabata

Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha pili. Mwezi wa kwanza nilijiwekea changamoto ya kusoma vitabu 24 vya Kiswahili mwaka huu, nje ya vile vya darasani. Juni ndiyo inaisha na nimemaliza 7 tu. Kila kimoja nakiandikia maoni kwenye daftari, ila nikiyarudia naona ni yale yale: "kitabu kizuri, kinafundisha, lugha nyepesi." Nifanyeje nifikie 24? Na tamthilia na mashairi vinahesabiwa?

hesabu_ya_kurasa

Marahaba mdogo wangu. Unahesabu vitabu, ndiyo maana unaumia. Anayehesabu vitabu ataanza kutafuta vyembamba. Hesabu kurasa.

Kwanza pima mwendo wako. Chukua kitabu ulichokwisha kukizoea, usipimie sura ya kwanza maana pale bado unajifunza majina ya watu. Soma kurasa 5 kimya, simu ihesabu dakika. Tuseme umepata dakika 10, yaani dakika 2 kwa ukurasa.

Sasa deni lako. Vitabu 17 vimebaki. Tukikadiria kurasa 150 kila kimoja, ni kurasa 2,550. Julai mpaka Desemba kuna siku 184. Novemba una upimaji wa taifa, kwa hiyo ondoa nusu ya pili ya Oktoba na Novemba yote, siku 46. Zinabaki 138. Ondoa na siku moja kila wiki ya kupumzika, au ya umeme kukatika, unabaki na 118 hivi. Hiyo ni kurasa 22 kwa siku, karibu dakika 45 kila siku bila kukosa. Kwa mwanafunzi mwenye kazi za shule na za nyumbani, utaishia wiki ya tatu.

Shusha lengo liwe 18. Hapo vimebaki 11, kurasa 1,650, ambazo ni 14 kwa siku. Chini ya nusu saa. Na siku ukikosa, usilipe deni lote kesho yake. Kurasa 28 kwa mkupuo ndizo zinazofanya mtu asome macho yakiwa yanateleza tu. Ongeza 2 kwa siku mpaka deni liishe.

bi_rafu

Hesabu za hapo juu ziko sawa kama kurasa zote zingekuwa na uzito mmoja. Haziko hivyo. Nagona ya Kezilahabi (1990) ni chembamba, utakibeba kwa kidole, lakini hakina msuko wa kawaida wa kukuvuta mbele. Kijana akikichukua ili "apate kimoja cha haraka" atakaa nacho kuliko riwaya ya kurasa 250. Kiache miaka miwili mitatu.

Ukiwa umechoka kusoma, anza na upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960) kina mpelelezi Bwana Msa, na siri ndiyo itakayokusukuma. Andika majina ya wahusika kwenye kipande cha karatasi na uhusiano wao, ukitumie kama alamisho. Kwenye hadithi za namna hii ukimsahau mtu mmoja, mwisho hauna ladha. Baada ya hapo chukua Kuli cha Adam Shafi (1979), cha wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Utakutana na maneno ya Unguja usiyoyazoea. Usifungue kamusi kila mstari. Weka nukta ya penseli pembeni, endelea. Neno likikurudia mara ya tatu ndipo ulitafute.

Vitabu: Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed hapa Dar es Salaam, iko hapo tangu 1967. Ukinunua kwa wauza mitumba wa Posta, usiangalie jalada tu. Kitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka linaondoka lote. Kwa hiyo pitisha kidole gumba ukitazama namba: 16, 32, 48, mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho uusome mstari mmoja uone kama sentensi inafika kwenye nukta. (Nakala za kudurufu ndizo mbaya zaidi, kurasa zinajirudia au zimekatwa herufi za pembeni.)

penseli_HB

Nijibu la maoni. Yako yanafanana kwa sababu mbili: unayaandika baada ya kumaliza, na unayaandika kama jibu la mtihani. Fani na maudhui ni chombo cha darasani, kinafaa pale. Ukikihamishia kwenye daftari lako kila kitabu kitakuwa na "dhamira ya ukombozi" na maoni yatanuka desa, zile noti za kukariri.

Kila unapofunga kitabu, hata kama umesoma kurasa 6, andika sentensi moja yenye namba ya ukurasa. Uk. 41, simwamini huyu mjomba. Uk. 63, nimecheka. Uk. 70 mpaka 78, nimeruka mistari. Hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu, maana inakuonyesha ni wapi mwandishi alikupoteza. Ukimaliza, lala nacho usiku mmoja, kisha andika maneno 150 mpaka 200: hukumu yako kwanza, halafu sehemu mbili zinazoithibitisha, halafu jambo moja linaloipinga. Hilo la kuipinga wengi huliruka, na maoni yanabaki sifa tupu.

Mfano, Kusadikika cha Shaaban Robert. Karama ameshtakiwa, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, na kila mjumbe akirudi anatupwa gerezani. Kusema "kinarudiarudia" ni nusu ya maoni. Sema kurudia huko kumekufanya nini. Kama kufikia safari ya nne ulishajua mwisho ukaanza kuchoka, andika hivyo. Kama uliona kila safari inazidi kuwabana wale waamuzi, andika hivyo. Zote halali, mradi uonyeshe pahala.

Nyota 1 mpaka 5 ziache. Ukizipenda sana, basi andika jalada la ndani kila nyota ina maana gani *kabla* hujaanza kugawa.

hesabu_ya_kurasa

Tumesahau swali lake la tatu. Tamthilia inahesabiwa, ila isome kwa mkao mmoja au miwili. Ukiikata vipande vinane unapoteza nani anamjibu nani. Diwani usiihesabu kwa kurasa kabisa: mashairi 2 kwa siku, kwa sauti, na uyaandike kwenye safu yake peke yake. Diwani iliyomalizwa kwa saa moja haijasomwa.

kijana_wa_tabata

Asanteni sana. Swali dogo: nikisoma kwenye daladala kichwa kinauma na kichefuchefu juu. Na kitabu kikinishinda kabisa naruhusiwa kukiacha?

bi_rafu

Macho yanaona ukurasa umetulia, sikio la ndani linasema gari linatembea. Ndiyo hapo tumbo linapochafuka. Soma foleni ikisimama, gari likiondoka tazama nje mbali. Siti za nyuma zinarusha zaidi, kaa mbele ukipata.

Kukiacha ruksa, lakini kipe kurasa 50 kwanza, na sababu uiandike. Hizo 50 ziingize kwenye hesabu, umezisoma.