Nimeacha sigara siku ya 52 leo, arosto imeisha ila huzuni ndo imeanza. Naombeni ushauri

Fundi Mageti

Wakuu habari. Naandika hii saa kumi usiku, ndo mda ambao siku hizi naamka hata nikilala saa sita, naamka nakaa sebuleni gizani mpaka adhana ya alfajiri.

Mi ni fundi wa kuchomelea, nna miaka 38, nimevuta miaka 19, pakti kwa siku na kuna siku inazidi. Kilichonifanya niache ni mtoto wangu wa mwisho ana pumu, tulilala nae hospitali siku mbili amebanwa kifua, daktari akaninusa shati akaniambia baba hata ukivutia nje moshi unarudi nao kwenye nguo. Nikatoka nje nikaponda pakti na kiatu, ilikuwa na sigara 6 ndani, sijagusa tena mpaka leo.

Wiki za kwanza nilipata ile arosto niliyoitegemea, hasira, jasho, choo kigumu, vidonda mdomoni, kijana wangu wa kazi nilimfokea mpaka akaacha kuja siku mbili ikabidi nimfuate kwao kumuomba msamaha. Hiyo nilivumilia maana niliambiwa itapita na kweli imepita, saa hizi mtu akivuta pembeni yangu sisikii hamu ya maana. Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni hii huzuni.

Zamani geti likiisha, nikishalipiga rangi ya kwanza, nilikuwa natoka nakaa kwenye tairi bovu chini ya mwarobaini nawasha moja naliangalia lile geti. Hapo ndo nilikuwa naona nimefanya kazi. Sasa hivi geti linaisha naliangalia sisikii kitu. Juzi mteja kaja kuchukua geti la maua, kazi ya siku nne, kalisifia sana kanipa na hela ya soda juu, nimesimama pale kama anamsifia mtu mwingine. Chakula sitaki, wakati wote mnasema ukiacha sigara unanenepa mi suruali zinanivuka. Naweza nikawa nakata nondo machozi yanatoka tu ndani ya miwani sababu siioni.

Washkaji wanasema vuta moja utulie. Wife anasema nivute subira. Na kuna siku, hili sijamwambia mtu, nawaza bora tu nisingekuwepo.

Naombeni kujua hii hali inatokea kwa wengine au ni mimi? Na nikivuta moja itaisha? Nimechoka wakuu.

Mama Wawili

Pole sana kaka yangu, na asante umeandika hadi hilo la mwisho, usilimeze tena peke yako.

Sio wewe peke yako. Mimi niliacha 2019. Sasa mwanamke ukivuta unavuta kwa kujificha chooni, na kuacha unaacha kwa kujificha hivyo hivyo, hakuna wa kukwambia pole maana hakuna anayejua. Huzuni yangu ilikaa karibu miezi mitatu nikadhani nimelogwa. Nilikuwa nafua naacha nguo kwenye beseni naenda kulala saa nne asubuhi.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mimi kwenye siku yangu nzima nilikuwa na dakika tano tano za peke yangu na zote zilikuwa za sigara. Nilivyoacha nikaacha na zile dakika, nikawa naunga kazi na kazi, mtoto na mtoto, mpaka usiku. Na wewe nimekusoma pale kwenye tairi. Hebu niambie, tangu uache umewahi kukaa kwenye lile tairi?

Fundi Mageti

Sijawahi dada. Nilikuwa nalikimbia nikiogopa nitatamani. Sasa hivi geti likiisha naanza lingine hapo hapo.

Chuma cha Pua

Mkuu mi nakwambia ukweli rudi. Nimeacha mara tatu na mara zote nilikuwa hivyo hivyo, nikivuta moja dunia inarudi rangi yake. Babu yangu alivuta mpaka miaka 86 hajawahi kulazwa. Afya bila furaha ya nini?

Mvuvi wa Likoni

Assalam aleykum ndugu yangu Fundi. Mimi ni wa huku Likoni, Mombasa, nilivuta miaka 14. Niliachia Ramadhani kwa sababu mchana tayari nilikuwa nshauzoea, ikabaki kupigana na usiku. Huzuni ilinijia baada ya Idi, wenzangu wanacheka mimi natazama bahari naona maji tu.

Mwezi wa tano kwenye harusi ya binamu yangu nikaambiwa maneno kama haya ya ndugu Chuma, nikavuta moja. Kweli nilitulia, pengine nusu saa. Ile moja ilinichukua miaka mitatu mingine. Na nilipokuja kuacha tena huzuni ilikuwa inaningoja palepale nilipoiacha, kwa hivyo niliilipia mara mbili. Wewe siku 52 ushazilipia, usizitupe.

Wenzangu wa Kenya mnaosoma, NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure 1192, mimi safari ya pili ndio ilinisaidia, niliongea na mshauri nikiwa nimekaa kwenye ngalawa.

Mfamasia Mbeya

Fundi pole. Nitaandika kirefu kidogo maana hapa kuna mambo mawili yamechanganyika na kila moja lina dawa yake.

La kwanza, sigara. Nikotini ukiivuta inafika ubongoni ndani ya sekunde chache, inafungulia dopamini, ile kemikali inayokufanya usikie raha ya kumaliza kitu. Miaka 19 ubongo wako umezoea kusukumwa, kila geti likiisha unasukumwa, ukaongeza na vipokezi, yaani sehemu za ubongo zinazoipokea hiyo nikotini, kuliko mtu asiyevuta. Umeacha ghafla, geti limeisha na msukumo haupo, ndo maana unasimama pale kama wanamsifia mtu mwingine. Vile vipokezi vinapungua vyenyewe, inachukua wiki kadhaa. Ndugu Chuma hajadanganya anaposema akivuta dunia inarudi rangi, ila kinachorudi ni kutuliza arosto ambayo sigara hiyo hiyo ndo imeileta, baada ya masaa mawili nikotini ishapungua nusu mwilini na unaanza upya. Kuna uchambuzi ulichapishwa kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2014, walikusanya tafiti 26 wakalinganisha walioacha na walioendelea kuvuta, walioacha ndo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na wasiwasi vilikuja kuwapungua zaidi, hata wale waliokuwa na ugonjwa wa akili tangu mwanzo. Kwa hiyo mbele kuna nafuu, sio maneno ya kukupoza.

La pili ndo linanipa mawazo. Arosto ya sigara inabana zaidi siku za kwanza mpaka wiki, halafu kwa wengi inalegea ndani ya wiki mbili mpaka nne. Wewe una wiki ya nane. Huli, hulali, unalia, hakuna kinachokufurahisha, na unawaza bora usingekuwepo. Hali kama hiyo ikikaa wiki mbili mfululizo tunaita sonona na inatibika, sigara inaweza kuwa ilikuwa inaifunika miaka yote hiyo. Nakuomba mambo mawili leo, sio wiki ijayo. Mwambie mkeo ile sentensi uliyotuambia sisi, kama ulivyoiandika. Halafu nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uliopo, ulizia kitengo cha afya ya akili, ukishindwa anzia wagonjwa wa nje useme hivi hivi. Wazo hilo likikuzidi nguvu usiku usisubiri kukuche, amsha mtu muende usiku huo huo.

Dawa zipo. Kuna inaitwa bupropioni inatibu sonona na inasaidia kuacha sigara pia, ila ina masharti, mwenye kifafa kwa mfano hapewi, kwa hiyo usije dirishani kwangu wala kwa mwenzangu yoyote kuinunua bila daktari.

Swali moja, unakunywa kahawa?

Fundi Mageti

Asante sana mkuu nimekusoma mara tatu. Kahawa nakunywa, tangu niache sigara ndo nimeongeza maana mdomo unataka kitu. Ile ya kijiweni ya vikombe vidogo na kashata, zamani vinne, siku hizi hata nane, cha mwisho saa mbili usiku nikitoka kazini.

Mfamasia Mbeya

Nilijua. Sikia, moshi wa sigara ulikuwa unalifanya ini lako lichakate kafeini haraka sana. Sio nikotini, ni ule moshi wenyewe. Umeacha, ini limerudi mwendo wa kawaida, kwa hiyo kikombe kile kile sasa kinakaa mwilini mda mrefu zaidi. Hata vinne vya zamani vingekuwa vingi, wewe umeweka nane. Hapo ndo nusu ya kile kikao chako cha saa kumi usiku. Shuka mpaka viwili na visivuke saa sita mchana, ila punguza kwa siku kadhaa usikate ghafla kichwa kitauma. Na wengine mnaoacha huku mnatumia dawa za magonjwa ya akili mwambieni daktari mapema, kuna dawa kama olanzapini na klozapini dozi inabidi iangaliwe upya ukiacha sigara kwa sababu hiyo hiyo ya ini.

Mzee Kizota

Kijana wangu shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa. Waliokueleza mambo ya dawa wameeleza vizuri. Mimi nakuuliza jambo dogo tu. Ulianzaje? Na ni lini ulivuta kuliko siku zote?

Fundi Mageti

Shikamoo mzee wangu.

Nilianza nikiwa na miaka 19, nilikuwa naosha na kukata vyuma kwa fundi mmoja. Yeye mikono ina glavu anachomelea, anasema dogo niwashie. Nikawa namuwashia, kuwasha lazima uvute pafu moja ndo umpe. Mpaka mwaka unaisha nilikuwa nanunua zangu.

Hilo swali la pili limenikalisha mzee. Ni 2021 kaka yangu alipofariki. Mi ndo nilikuwa mkubwa aliyebaki, nilishughulikia kila kitu, gari, kaburi, turubai, chakula cha watu. Siku ya kuzika nilikaa nyuma ya nyumba nikavuta pakti mbili, watu wanakuja kunipa pole wananikuta navuta wanakaa kidogo wanaondoka. Sikutoa chozi. Mama yangu alisema huyu ana moyo mgumu. Sasa nilivyokuwa naandika hapa nimekumbuka, haya machozi ya kwenye miwani yalianza siku nakata nondo za mchoro ambao kaka ndo alinifundisha, wa mishale inayopishana.

Sijui kama vina uhusiano. Nimeandika tu.

Mzee Kizota

Vina uhusiano mwanangu. Mimi mke wangu alipoondoka nilivuta hivyo hivyo, nilipoacha miaka sita baadae ndo nikamlilia, majirani wakadhani nimefiwa upya. Lia. Nenda na hospitali kama ulivyoelekezwa, kimoja hakizuii kingine. Na mama yako kama yupo hai mpelekee habari hii kwa mdomo wako.

Chuma cha Pua

Fundi niwie radhi. Sikujua kuna msiba ndani yake. Ushauri wangu ufute. Mfamasia nimekuja inbox.

Fundi Mageti

Wakuu narudi, ni siku ya 61.

Usiku ule ule nilimuamsha wife nikamwambia. Nilikuwa naogopa atapiga kelele, alikaa kimya akanishika mkono mpaka asubuhi, asubuhi akafunga genge lake tukaenda wote. Pale hospitali tulikaa foleni mpaka saa saba. Nilipoingia yule daktari aliniuliza maswali karibu yote ya Mfamasia, usingizi, kula, kazi, na lile wazo, kama nimeshapanga kitu. Nikamwambia ukweli sijapanga ila linakuja. Amenianzishia dawa, kasema nisitegemee kuona tofauti kwa wiki mbili tatu za mwanzo na nisiache katikati nikijisikia nafuu, na kila wiki naongea na mshauri pale pale. Wife ameambiwa awe ananiuliza bila kuogopa.

Kahawa nimeshuka mpaka vikombe viwili, kichwa kiliuma siku mbili. Juzi nimelala mpaka saa kumi na moja na nusu, adhana ndo imeniamsha, nilikuwa nimesahau inasikikaje ukiwa kitandani.

Dada Mama Wawili, tairi nimelirudia. Siku ya kwanza nilikaa kama dakika mbili nikashindwa nikanyanyuka, mkono ulikuwa unaenda mfuko wa shati wenyewe. Siku ya pili nimebeba karanga za kumenya, mikono ikapata kazi. Huzuni bado ipo, sitaki kuwadanganya, jana nilikuwa vibaya mchana kutwa. Ila nililiangalia geti nikaona kona ya chini haijakaa sawa, nikainuka kwenda kuirekebisha. Siku zile nyingine hata nisingeiona.

Jumamosi naenda kwa mama.