Ninaomba ushauri: nitaitambuaje Riesling kavu bila kuionja?

Mhudumu wa Malindi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninahudumu katika mkahawa wa hoteli moja hapa Malindi, na kwa sababu ya dini yangu sinywi kileo wala sikionji, ingawa kazi inanitaka niwaelekeze wageni. Wiki iliyopita mgeni aliagiza samaki wa kupaka na mvinyo wa Riesling ulio mkavu, yaani usio na utamu. Nilimfungulia chupa ndefu, nyembamba, ya kijani. Alionja kidogo tu, akaisukuma gilasi kwa vidole viwili hadi katikati ya meza, akasema ni tamu kama sharubati. Niliona haya sana, kwani nilikuwa nimemhakikishia kuwa ni kavu. Ninaomba mnieleze mvinyo huu una tabia gani, unatoka wapi, na mtu asiyeonja ashike dalili ipi.

Mzoefu wa Baa

Wa alaykum salaam, na pole, ndugu yangu. Riesling ni jina la zabibu, na zabibu hiyo moja hutoa mvinyo wa kila namna, kuanzia mkavu kabisa hadi mtamu kama asali, kwa hiyo jina la Riesling peke yake halikuambii kitu. Tazama kwanza asilimia ya kileo. Sukari ya zabibu ndiyo inayogeuzwa na hamira kuwa kileo, na mtengenezaji akiisimamisha kazi hiyo mapema, sukari hubaki na kileo huwa kidogo. Chupa ya Ujerumani yenye asilimia 8 au 9 kwa kawaida huwa tamu. Ikifika 12 au zaidi, mara nyingi huwa kavu. Kisha tafuta neno trocken, yaani kavu kwa Kijerumani, ambalo kisheria haliandikwi kwenye Riesling iliyozidi gramu 9 za sukari kwa lita. Maneno Kabinett na Spätlese yasikupoteze, kwa sababu yanaeleza jinsi zabibu zilivyoiva zilipochumwa, wala si utamu uliobaki ndani ya chupa.

Mama Jikoni

Mwanangu, mimi nitakuongezea habari za shamba, maana tabia ya mvinyo huu imetoka huko. Ni zabibu ya Ujerumani, na jina lake limeandikwa tangu mwaka 1435 huko Rüsselsheim, karibu na mto Rhine. Kwenye kingo za mto Mosel mizabibu hupandwa juu ya mawe meusi ya sleti, katika miteremko mikali mno. Ule wa Calmont hufika takriban nyuzi 65, na kazi kubwa hufanywa kwa mikono. Mawe hayo hunyonya joto la mchana na kulirudisha usiku, lakini nchi yenyewe ni ya baridi, hivyo zabibu huiva polepole na uchachu wake haupotei. Uchachu huo ndio uti wa mgongo wa Riesling. Ikiwa kavu, hufanya mezani kazi ile ile ya ndimu tunayoikamulia samaki: hukata uzito wa tui. Alsace ya Ufaransa, Wachau ya Austria na Clare Valley ya Australia hutoa kavu kwa wingi, na ya Clare hunukia ndimu waziwazi. Mgeni akikuambia chupa ya zamani inanuka mafuta ya taa, usidhani imeharibika; Riesling ikikaa miaka, harufu hiyo huja yenyewe. Kwa joto letu, itumbukize katika ndoo ya maji na barafu mpaka ifike nyuzi 8 hadi 10.

Mhudumu wa Malindi

Ahsanteni sana. Usiku niliingia stoo na tochi ya simu. Chupa iliyoniaibisha imeandikwa Kabinett, 8.5, kwa herufi ndogo pembeni; nyuma yake kulikuwa na nyingine ya mtengenezaji yule yule, ya kijani vile vile, yenye trocken na 12.5. Nimezitenga rafu mbili. Je, kwa kamba wa ukwaju wenye pilipili nyingi nitoe hiyo kavu?

Mzoefu wa Baa

Kama pilipili ni kali, mpendekezee ile ya 8.5, lakini mwambie mapema kwamba ni tamu. Kileo kingi huzidisha mwasho wa pilipili, na sukari kidogo huutuliza. Ile ya 12.5 mwekee mgeni wa samaki wa kupaka.